Nimeifua Jezi ya Louisville

Buffalo, Jumanne, saa nne asubuhi. Theluji inaanguka, na tuko mwezi wa nne.

Shajara, leo sina salamu. Nimekaa juu ya kreti la mataulo kwenye chumba cha kufulia cha uwanja wa watu. Mikono inanuka sabuni, nami naangalia mlango kama siku ile ya usaili wa ukimbizi. Mbele yangu inaning'inia jezi moja. Ni safi, imepigwa pasi, kola yake nyeupe kabisa.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Ngoja nianze mwanzo, maana sijawahi kukuandikia habari za kazi hii. Ni mwezi wa pili sasa nafua nguo za timu ya hoki ya barafuni ya Columbus. Wanaume ishirini wazito wanateleza juu ya barafu kwa viatu vyenye kisu chini, wanagombania kisahani cheusi cha mpira kwa magongo, na wakimaliza nguo zao zinanuka beberu aliyenyeshewa. Sijali. Nimefua mashuka ya hoteli miaka sita, jasho la mtu halinitishi. Duniani najivunia watoto wangu, maharage yangu, na nguo zangu nyeupe.

Timu inaitwa Nyumbu. Siku ya kwanza jina lilinichekesha, mpaka Mzee Walter akanieleza. Yeye ndiye mkuu wa vifaa, ana miaka sabini kasoro. Wachezaji wote wanamwita Walt, hata vijana wa miaka ishirini. Ulimi wangu unakataa. Mbele yake namwita Mista Walter, na humu ni Mzee Walter.

Alisema timu ilizaliwa Louisville, kwenye ukumbi wa maonyesho ya farasi. Mji ule unajua farasi. Watu walipoona wanaume wanateleza mahali pa farasi, na barafu yenyewe inanuka majani makavu, wakawacheka: hawa si farasi, ni nyumbu. Mama farasi, baba punda, mwenyewe hana kwao. Wachezaji hawakukasirika. Walilichukua jina wakalishona kifuani. Baadaye ukumbi ukauzwa, na timu ikahamishiwa Columbus kwa malori mawili.

Aliponieleza hayo niliweka pasi chini, kwa sababu mimi nami nilishukia Louisville. Kutoka kambini Kigoma, ndege ya kwanza maishani mwangu, mama, watoto wawili na mfuko mmoja wa karatasi zetu. Miaka mitatu baadaye binamu ya mume wangu akapiga simu kwamba Whitehall, kitongoji cha Columbus, nyumba zinapatikana na maghala yanaajiri, tukafunga virago tena. Kumbe mimi na hao nyumbu tulipita barabara moja.

Leo hakuna mchezaji hata mmoja aliyewahi kucheza Louisville. Wanatoka Kanada, Finland, Minnesota. Wanauzwa na kununuliwa, na mwaka ukiisha nusu yao hawapo. Siku moja nilimuuliza Mzee Walter: kama watu si wale, na mji si ule, timu ni ipi sasa?

"Tuna jezi," akasema.

Nikadhani anasema jezi za timu, hizi ninazofua kila siku. Nikaitikia, nikaendelea kukunja soksi. Laiti ningeuliza neno moja zaidi.

Juzi Mzee Walter aliteleza kwenye ngazi za nyumba yake, goti likavimba. Kwa mara ya kwanza nikaambiwa nisafiri na timu, nisimamie nguo. Na si mechi ya mchezo mchezo. Buffalo wametufunga mara tatu, sisi tumewafunga mara tatu, na leo jioni atakayefungwa msimu wake umekwisha. Kwenye basi jana hakuna aliyezungumza tangu Columbus mpaka hapa. Mwanangu Neema aliniambia kwa Kiingereza nisikosee kitu chochote. Nikacheka. Nguo nitazikosea vipi?

Jana alasiri, nikipanga mifuko, nikaona mmoja mdogo wa turubai, umeandikwa LOUISVILLE kwa kalamu nene. Jina la mji wangu wa kwanza. Nikaufungua.

Ndani mlikuwa na jezi namba kumi na nne, imekakamaa kwa jasho la zamani, kwapa za manjano, na damu iliyokauka toka kwenye kola mpaka kifuani. Mgongoni imeandikwa Armand. Jina hilo nalijua. Picha yake iko ukutani kule Columbus: kapteni wa kwanza, anacheka bila meno ya mbele. Nilikuwa nimeambiwa kwamba aliugua akafa, zamani kidogo.

Mtu mwingine angefunga mfuko akaenda zake. Mimi sikuweza.

Kwetu nguo ya marehemu haiachwi na uchafu wake. Siku ya kuondoa matanga inafuliwa, inanyooshwa, anapewa mtu wa karibu. Baba alipofariki kambini alikuwa na shati moja la maana, na lilikuwa na damu ya kikohozi chake. Wanawake wa jirani walitaka kumsaidia mama, akakataa. Alilifua peke yake pale bombani, foleni nzima ya ndoo ikimsubiri, hakuna aliyemwambia afanye haraka. Nilikuwa na miaka tisa. Nilichojifunza siku ile ni kwamba ukiacha damu ya mtu ikauke kwenye nguo yake, ni kama hakuwa na mtu.

Basi nikaona jezi ile nikamhurumia Armand. Miaka yote hii, nikasema moyoni, wanaume hawa wameshindwa hata kumfulia? Nikaifua kwa mkono, maji baridi na chumvi, kama mama. Ilinichukua saa mbili. Nilisali kidogo pia. Nilipomaliza nilijisikia vizuri kuliko siku yoyote tangu nianze kazi hii.

Asubuhi hii Mzee Walter amepiga simu. Yuko njiani, binti yake anamwendesha. Ameniambia mfuko wa Louisville usifunguliwe na mtu. Ndipo akanieleza. Armand aliivaa jezi ile mechi ya mwisho kabisa Louisville. Alipasuka nyusi, akakataa kutoka, na baada ya mechi akaitundika akasema isifuliwe mpaka Nyumbu wachukue kombe. Hawajalichukua mpaka leo. Tangu hapo inatundikwa kando ya mlango kila mechi, ya nyumbani na ya ugenini, na kila mchezaji anaigusa mkono kabla ya kukanyaga barafu. Mimi wakati huo huwa chini kwenye mashine, sijawahi kuiona. Vifaa vingine vyote vikipotea, akasema, tutaazima. Ule mfuko hapana.

Nikamwambia uko salama.

Salama! Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi mgeni nimekuja, wenyeji wataugua wote.

Saa saba mchana.

Nitakuandikia kila kitu, hata hiki. Nimeteremka na kikombe cha chai ya rangi, nzito, mifuko minne ndani yake. Niliwaza: nikiichovya kwapa na kola, nikiisugua sakafuni kidogo, nani atajua? Watu wanagusa mkono tu, hawakagui. Nikaanza na ncha ya mkono wa kulia. Chai ikaingia kwenye kitambaa, likatoka doa la kahawia la upana wa kidole.

Nikakiweka kikombe chini. Nikampigia mama kule Whitehall. Nilimweleza yote, yeye akanisikiliza huku akipepeta maharage, nasikia ungo.

"Uliifua vizuri?" akauliza.

"Vizuri, mama."

"Basi usiichafue. Huyo mzee mwambie kwa mdomo wako, kabla hajaifungua mwenyewe."

Nikamwambia nitafukuzwa kazi. Akasema inawezekana. Mama yangu hajui kudanganya hata kwa kubembeleza.

Doa la chai nimejaribu kulitoa. Maji yakimwagika hayazoleki, na chai ndiyo kabisa.

Saa kumi na moja kasoro.

Nimeshamwambia.

Amekuja na mkongojo, theluji mabegani, ameuliza mfuko uko wapi hata kabla ya salamu. Nilikuwa nimepanga hotuba ya Kiingereza tangu mchana, yote ikaniishia. Nikamwekea jezi mezani.

"Mista Walter, nimeifua mimi. Sikujua. Halafu asubuhi uliponipigia nikakudanganya."

Hakunipigia kelele. Heri angenipigia. Aliinua jezi akaiweka usoni, akavuta pumzi, akaishusha polepole. Akapapasa kola kwa kidole gumba pale damu ilipokuwa. Alisema yeye ndiye aliyeibana nyusi ile kwa taulo, huku kapteni akimsukuma ampishe arudi uwanjani. Walikuja Columbus kwenye lori moja. Alimuuguza mpaka mwisho.

"Hii damu ndiyo iliyokuwa imebaki ya mwili wake," akasema.

Nililia. Sioni haya kuandika. Nilijiona mimi ndiye niliyemzika mtu mara ya pili, bila kuulizwa.

Halafu akaona doa. Akauliza ni nini, nikamwambia ni chai, nilitaka aone jezi bado ni chafu. Hapo akakaa juu ya kreti langu la mataulo. Aliniangalia muda mrefu. Nafikiri alikuwa anajaribu kuelewa mtu wa aina gani anafua kitu saa mbili halafu anakimwagia chai. Akaniuliza kwa nini niliifua tangu mwanzo. Sikuwa tena na cha kuficha, nikamwambia habari za baba, na shati, na bomba, na foleni ya ndoo. Sijawahi kumweleza mtu yeyote Marekani habari hizo. Hata Neema hazijui.

Mashine ya kukaushia ikasimama.

"Na mkishaifua," akauliza, "mnafanyaje?"

"Anapewa mtu wake wa karibu. Anaivaa."

Aliikunja vibaya, kama wanaume wanavyokunja, akaiweka kwapani. Akaniambia nikapange mataulo, akatoka akichechemea. Sijui kama hiyo ni amri ya kazi au ya kuagana. Nimepanga mataulo. Nimeyapanga mara tatu.

Saa moja na robo jioni.

Naandika mbio mbio.

Nilisimama mwisho wa ujia unaoelekea barafuni, nyuma ya toroli la mataulo. Sikutaka kuonekana, lakini kukimbia nisingeweza. Wachezaji wakatoka kwa mstari, kipa ametangulia, lile jitu la Kifini lisilocheka. Macho yake yakaenda kwenye kulabu kando ya mlango. Kulabu ilikuwa tupu. Akasimama, na mstari wote nyuma yake ukagongana.

Mzee Walter alikuwa kando ya mlango. Ameivaa.

Namba kumi na nne, juu ya sweta yake, imempwaya mabegani. Mkono wa kushoto umeshika mkongojo. Wa kulia ameunyoosha mbele, kwenye njia yao.

Kipa alimtazama, akainama, akanusa. Nilikuwa hatua kumi na harufu ya sabuni ilinifikia hata mimi. Akauliza kitu. Mzee Walter akaelekeza kidevu kwangu.

"Yeye ameifua," akasema. "Kwa mkono. Ilikuwa imechelewa."

Wanaume ishirini wakanigeukia, kofia ngumu kichwani, na sura zao sikuweza kuzisoma. Mmoja nyuma alitukana, nililisikia neno. Nilishika toroli. Kama yule kipa angepita bila kugusa, wote wangepita. Nilijua hivyo, na Mzee Walter alijua, lakini mkono wake hakuushusha.

Kipa akavua glavu. Akashika ncha ya mkono wa jezi, pale pale penye doa langu la chai, halafu akashtuka kidogo. Nadhani kwa miezi yote ile alikuwa amezoea kushika kitambaa kitupu. Sasa mlikuwa na mkono ndani yake, wa moto. Akaubana. Akatoka.

Wakafuata mmoja mmoja. Aliyetukana naye akagusa, kwa ncha ya kidole, bila kuniangalia. Simlaumu.

Sasa mechi imeanza. Watu wa Buffalo wanazomea mpaka mabomba ya chumba hiki yanalia. Kwenye televisheni ndogo namwona Mzee Walter amesimama nyuma ya benchi na jezi yake, na watangazaji wanaulizana huyu mzee ni nani. Wametufunga moja. Tukishindwa, kuna watakaosema ni yule mwanamke wa kufua. Kama amenisamehe hajasema. Kama nina kazi hajasema pia.

Lakini ameivaa juu ya sweta, kwenye joto la watu wote wale, na ana hofu kama mimi. Atatoka jasho.

Jezi za kufua kesho zilikuwa ishirini. Sasa ni ishirini na moja.