Mikanda Minne ya Veronika

Jumatatu, 4 Juni 1956
Misa ya alfajiri. Mafundisho ya ubatizo. Kisha uani, na kamera.
Nimepiga mikono ya mke wangu, Veronika, ikipepeta mpunga. Mikono tu. Jua lilipita katikati ya vidole, pumba zikawa kama moshi. Mkanda wa kwanza umekwisha. Imebaki mitatu, na baada ya hiyo hakuna tena. Padri aliyeniachia kamera, mimi katekista wake, amerudi Ulaya. Aliyeshika nafasi yake amesema misheni haitanunua mkanda mwingine kwa picha zisizofundisha neno.
Veronika amekohoa sana leo. Sikujali. Nilikuwa nautazama mwanga.

Alhamisi, 7 Juni
Nimezikumbuka sinema zangu zote. Ni chache. Ya kwanza: mikono ya waumini ikisubiri Komunyo. Watu wa kijiji chetu cha Mamba walicheka hadi benchi likavunjika. "Mwalimu, Wakristo wako hawana vichwa?" Ya pili: moshi wa warina asali kule Ugalla, bila nyuki, bila mtu. Padri wa zamani akasema hajui alichokiona, ila amesali. Huyu mpya aliagiza sinema ya kufundisha uchimbaji wa choo. Nikampigia kivuli cha mlango wa choo, tangu asubuhi hadi jioni. Nikanyimwa mashine ya sinema kwa mwezi mzima.
Sikuweza kutengeneza za namna nyingine. Si kiburi. Au ni kiburi.

Jumapili, 17 Juni
Veronika ameshindwa kwenda Misa. Damu kwenye kitambaa. Sista wa zahanati anasema ni mapafu, na hakunitazama aliposema.
Jioni Veronika aliniuliza: "Mwalimu, miaka yote hii unapiga mikono tu. Uso wangu umekukosea nini?" Nikamjibu kwamba uso humwambia mtu cha kuhisi, lakini mkono humwacha atafute mwenyewe. Akacheka hadi kikohozi kikamshika.
"Basi watatafuta," akasema, "watakuta kaburi."

Jumamosi, 23 Juni
Mkanda wa pili na wa tatu nimeitumia kupiga mikono yake juu ya blanketi. Leo wa nne. Nimepiga uso.
Alijifuta kwa kanga, akaketi mlangoni, akaitazama lenzi kama anayemtazama mgeni aliyechelewa. Hakutabasamu. Sikumwomba. Nimeumaliza mkanda wote juu ya uso huo. Hajawahi kupigwa picha ya uso maisha yake yote, naye ni mke wa mtu mwenye kamera.

Jumatano, 27 Juni
Veronika amefariki saa tisa mchana. Alipokea sakramenti.

Jumatatu, 9 Julai
Makopo manne ya mikanda nimeyaweka ndani ya sanduku lake, chini ya kanga. Ndipo penye ubaridi kuliko pote nyumbani. Mkanda usiosafishwa ukiona mwanga mara moja, umekufa. Padri ataipeleka Mpanda mwisho wa mwezi, ipande treni, kisha ivuke bahari ikasafishwe. Sikumwambia mtu yeyote ilipo. Nilitaka iwe siri yangu na Veronika.

Ijumaa, 20 Julai
Nimerudi mchana kutoka kufundisha kigangoni. Vitu vyake vyote vilikuwa uani.
Naijua desturi. Nguo za marehemu hushinda juani kutwa nzima kabla ya kugawanywa, ili ugonjwa utoke. Nimeiona tangu utotoni. Siku ilipangwa wiki ijayo. Shangazi zake wakaiwahisha, kwa kuwa lori la kuwarudisha lilikuwa linaondoka.
Kamba imetoka kwenye ua hadi nguzo ya jiko. Kanga, gauni la Pasaka, blanketi. Na katikati yake mikanda yangu minne, imekunjuliwa yote, inang'aa.
Tekla, mdogo wa marehemu, alikuja kunilaki kwa furaha. "Shemeji, nimeanika na hizi zako. Zilifungiwa humo hazipati hewa. Nimezifuta moja moja kwa kitambaa safi."
Nikasema asante.

Jumamosi, 21 Julai
Namchukia Tekla. Nimewafundisha watoto kusamehe. Baba Yetu niliishia katikati.

Alhamisi, 26 Julai
Tekla ameuliza ni lini watamwona dada yake ukutani. "Nyie watu wa misheni mnachelewesha kila kitu!" Nikamdanganya. Nikasema yaja. Nimeikunja mikanda, nikampa Padri aende nayo Mpanda, kana kwamba hakuna lililotokea.
Katika maungamo Padri ameniagiza nimwambie ukweli. Sijamwambia. Nilijidai kwamba namhurumia. Sivyo. Nataka aone mwenyewe, kwa macho yake, alichokifanya. Nimeliandika hili ili nisilikwepe.

Jumatatu, 15 Oktoba
Kifurushi kimefika. Ndani mna karatasi: mikanda iliingiwa na mwanga, haina picha.
Nimeishika dirishani, nikaipitisha yote mbele ya macho, pima kwa pima. Myeupe kama maji. Hakuna hata kivuli cha ukucha.
Miaka mitatu nilikuwa na kamera, na uso huo ulikuwa unaniandalia chakula kila jioni. Namwomba Mungu aniambie neno. Amenyamaza. Ana haki.

Ijumaa, 2 Novemba. Siku ya Marehemu Wote
Baada ya Misa tuliziba madirisha ya darasa kwa mikeka. Ndugu zake walikuja wote. Tekla alikaa mbele, amevaa gauni la Pasaka la dada yake.
Niliwasha mashine. Ukuta ukawa mweupe. Tukangoja. Mjomba wao akasema, "Mwalimu, safari hii hata mikono hakuna?" Wakacheka. Nilimwona Tekla akiinama mbele, shingo imenyooka, anatafuta. Nilichokitamani tangu Julai kilikuwa mbele yangu. Sikukitaka tena.
Mkanda wa pili ulionyesha chembe za mchanga na mikwaruzo mirefu ya kitambaa.
"Shemeji," Tekla akasema polepole, "hili ni jua la uani?"
"Ndiyo."
"La siku ile?"
"La siku ile. Kosa ni langu. Niliificha mikanda, sikukwambia. Kisha nikakudanganya."
Hakulia. Wengine walitoka mmoja mmoja, bila kuaga. Tekla naye alisimama. Nilipotia wa nne akauliza, "Huu ulikuwa na nini?" Nikamwambia: uso. Akakaa tena. Tukautazama hadi mwisho, sisi wawili, hadi mashine ikazunguka tupu.
Kamera nitaikabidhi misheni kesho.
Tekla alitoa mikeka madirishani, akaikung'uta nje, akaikunja. Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia bado.