Sanduku la Visu vya Baba

Singanallur, Coimbatore

Kwa kaka yangu Marudhan,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini goti lako limetulia na wifi amepumzika kulisikia likilalamikiwa. Sisi hatujambo. Mama mkwe anakusalimu pia. Bado anasema hajamwona ndugu mwingine aliyemwoza dada yake na sanduku la vyuma badala ya vyombo vya fedha.

Kaka, kiwanda cha pampu kilituletea shafti za majaribio, zile fito za chuma zinazozungusha pampu, tuzikereze. Tukizipatia, kazi ni yetu mwaka mzima. Tukizikosea, mashine ya kukerezea inauzwa, kwa maana macho ya mume wangu Velusamy hayaoni tena alama za kipimo na wateja wa zamani wameanza kutukwepa. Basi akaja muuzaji Nandagopal na vincha vyake vigumu vya kisasa vya kukatia chuma, vidogo kama punje za mahindi. Alisema visu vya kukerezea vya kunoa kwa mkono sasa ni vya makumbusho. Velusamy akamwuliza kama vincha hivyo vimewahi kukutana na mashine inayotetemeka kama yetu. Akacheka, akasema mashine haichagui, shemeji.

Kumbe inachagua. Ugumu ule hauvumilii mtetemo. Kincha cha kwanza kilimeguka asubuhi, cha mwisho kabla ya chai ya jioni.

Nikakumbuka sanduku lako la visu vya Baba. Lakini kesho yake ilikuwa sikukuu ya zana, siku zinapopumzishwa na kuombewa, na Mama mkwe alikwisha kuvipanga visu vyote mbele ya mungu, vimepakwa sandali na unga mwekundu. Nilimwomba kimoja tu. Akaniuliza, siku yangu ya kupumzika, mtu akija kuniomba mkono mmoja tu, nitampa? Siku nzima mashine ilikaa na shada la maua kama bwana harusi, nasi tukala dengu tukiitazama. Velusamy akasema angalau leo haitetemeki.

Alfajiri iliyofuata kisu kimoja kilifutwa, kikanolewa, kikavumilia mtetemo, shafti zikakerezwa polepole. Mkaguzi wa kiwanda alipitisha ukucha juu ya chuma, akarudia, kisha akauliza wekundu ule uliobaki kwenye kisu ni dawa gani. Mama mkwe akamjibu ni ya kutetemeka. Mkaguzi akacheka, akatupa kazi, akamsifu Velusamy kwa mkono wake mtulivu.

Hapo ndipo pana jambo ambalo sijakwambia. Velusamy alimjibu kwamba mkono huo uko jikoni unachemsha kahawa. Mkerezaji ni mimi, kaka. Tangu macho yake yafifie, yeye husikiliza chuma kinavyolia na kuniambia nipunguze, mimi hukata. Mkaguzi alikunywa kahawa, akaomba kikombe cha pili, halafu akaomba jina langu ili aliandike kwenye oda.

Ulinifundisha kunoa kwa siri Baba akiwa hekaluni, ukaniambia nisikilize jiwe la kunolea. Siku ya harusi nilipofungua sanduku nililia kwa aibu mbele ya watu. Leo nakushukuru, nawe umwambie wifi asikucheke tena kwa zawadi ile.

Watoto wanakuamkia. Mama mkwe ameamuru sanduku likae kwenye kabati, mahali alipokuwa ametengea vyombo vya fedha.

Ni mimi mdogo wako,
Poongodi