Mashine Iliyonyweshwa Maji

Mkolani, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu mpendwa Malimi,

Shikamoo kaka. Huku nyumbani wote tu wazima. Mama alisumbuliwa na kifua wakati wa vumbi, lakini mvua za kwanza zimemponya. Je, wewe huko kambini miguu imeshazoea buti? Mama anauliza kama mnakula mkashiba, na anataka jibu la kweli, si jibu la kijeshi.

Kwa kuwa simu hamruhusiwi, nimeomba nikuandikie mimi. Habari yenyewe ni ndefu, na baba akiisimulia huziruka sehemu zisizompendeza.

Tangu uondoke, baba amekuwa na wazo moja tu. Kila mlima wa huku unajengwa, na kila anayejenga anatafuta kijiko, ile mashine ya magurudumu yenye beleshi mbele na mkono wa kuchimba nyuma. Baba akaamua kununua kijiko kilichotumika. Alisema ng'ombe anakula kila siku, lakini kijiko kinakula siku ya kazi tu. Mama akamjibu kwamba ng'ombe akifa tunakula nyama; hilo dude likifa tutakula nini? Baba alicheka, lakini hakuacha.

Sikuwa na wasiwasi hadi niliposikia atauza ng'ombe gani. Ni wale wa mahari ya dada Paskazia, walioko kwa baba mdogo Misungwi. Wote tunajua kwamba tangu dada aolewe wanakusubiri wewe, nawe uoe. Baba alisema atawarudisha kijiko kikishaanza kuzaa. Mimi nilikuwaza ukitoka kambini mikono mitupu, huna cha kupeleka ukweni.

Siku chache baadaye baba alinichukua twende kwenye yadi moja upande wa Buzuruga, nimsomee karatasi zilizoandikwa kwa Kiingereza. Kijiko kilikuwa cha njano, kinang'aa kama kimetoka kiwandani. Muuzaji alimwita baba Ngosha, kwa Kisukuma cha kujipendekeza, akamwambia mashine imetumika kidogo sana, na haijawashwa tangu wiki iliyopita, inamsubiri mwenye bahati. Kaka, baba alikikagua kama yuko mnadani. Alikizunguka, akakipiga kofi ubavuni, akainama kuangalia meno ya beleshi, kisha akaomba kitembezwe. Kikatembea, kikachimba, kikanyanyua. Baba akaridhika, akaanza kunyoosha mkono. Unajua kwamba kwa baba mkono ukishashikwa biashara imekwisha. Harudi nyuma hata akigundua amepunjwa.

Nilimwomba tusubiri opereta akione kwanza. Muuzaji alicheka, akasema hajawahi kuona mzee mzima anaswagwa na mtoto wa shule. Labda maneno hayo ndiyo yaliyotuokoa. Baba aliurudisha mkono mfukoni, akamwambia kwamba ada analipa yeye, kwa hiyo akitaka kuswagwa ni haki yake.

Kesho yake tulirudi na opereta, msichana anayeitwa Getruda, aliyesomea mitambo chuoni na sasa anachimba mitaro ya mabomba ya maji. Alikuja na ovaroli na buti. Alipomwona baba alipiga goti palepale uwanjani, penye oili iliyomwagika, akamwamkia, shikamoo baba. Muuzaji akamuuliza kama amekuja kuwapikia mafundi. Getruda aliweka kiganja juu ya boneti ya injini, akasema naona jiko lina moto tayari, nani alikuwa anapika?

Baba naye aliigusa boneti, akasema polepole kwamba kumbe wamemnywesha maji. Getruda hakuelewa, ikabidi nimweleze kwamba siku ya mnada wapo wanaomlambisha chumvi ng'ombe aliyekonda ili anywe maji mengi, tumbo lijae, aonekane ameshiba. Baba hanunui ng'ombe aliyenyweshwa, ila hakujua kwamba hata chuma hunyweshwa. Getruda alisema ndivyo hasa: injini mbovu hupashwa moto mapema ili ikiwashwa mbele ya mnunuzi isikohoe.

Basi baba akaketi juu ya tairi bovu, akasema tutasubiri ipoe. Muuzaji alitaja wateja wengine wanaokuja na fedha taslimu; baba akamwambia wakifika tutawapisha. Ilipopoa, iliwaka kwa kulalamika na kutoa moshi wa buluu. Getruda akaunyanyua mkono wa kuchimba juu kabisa, akazima, akatuambia twende kunywa chai. Tuliporudi mkono ulikuwa umeshuka wenyewe hadi chini, kama mtu aliyesinzia kanisani. Maana yake, alisema, oili inayouinua inavuja ndani kwa ndani. Kisha akanionyesha pedali: saa ya mashine, inayohesabu muda wa kazi, ilisema imefanya kazi kidogo, lakini mpira wa pedali ulikuwa umelika hadi chuma kinaonekana. Baba aliaga kwa heshima zote, mikono ameifunga mgongoni hadi tulipotoka getini.

Kijiko tulichonunua ni cha Mzee Rahim, karibu na barabara ya Kigongo. Rangi imepauka na kiti kimeshonwa kwa kamba. Lakini alituita alfajiri kikiwa baridi, akatuambia mwenyewe kwamba bushi, zile pete za maungio ya beleshi, zimelegea na tairi moja limechoka, na namba iliyo kwenye chuma ililingana na ya kwenye karatasi. Bei yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba baba aliuza madume yake tu. Ng'ombe wako hawakuguswa. Sasa kijiko kinachimba misingi, na mama hukiita mkwe, maana kinaamka mapema.

Kaka, sasa nisome ukiwa umekaa. Getruda hakupatikana kwa bahati. Namba yake ya simu uliniachia kwa salamu tu, na mimi nikaitumia kumwita aje kuwaokoa ng'ombe ambao siku moja watakuwa mahari yake. Nilidhani ni siri. Jana baba aliniuliza opereta yule nilimjulia wapi, nikatazama chini. Akasema mafundi wote humwita mzee au bosi, lakini yule alimwita baba, tena alipiga goti kwenye oili bila kutafuta mahali pakavu. Akaniuliza kama Malimi anamfahamu. Sikuweza kumdanganya.

Ndipo akaniagiza nikuandikie hivi: ng'ombe wako Misungwi, wamenenepa, lakini anayetaka kuwaswaga aje aseme kwa kinywa chake, maana yeye haposi kwa maneno ya mtoto wa shule. Mama alikuwa anapepeta mchele. Bila kuinua kichwa, akasema jogoo wa siku hiyo ameshatengwa.

Mimi nimeanza kulipenda somo la fizikia, na Jumamosi Getruda ananifundisha kupaka grisi. Baba, mama na majirani wote wanakusalimu. Getruda pia. Anasema ovaroli yake ina doa la oili gotini ambalo limekataa kutoka, naye halifui tena; anakusubiri wewe ulifue.

Nakutakia afya njema, kaka.

Mdogo wako akupendaye,
Evelina Mayala