Mashine Iliyodai Shikamoo

Baba,

Chai iko kwenye chupa, michembe ya viazi chini ya kawa. ~~Leo sirudi kula.~~ Nibakishie.

Alfajiri niliota mistari ya programu yangu ya oda ikipita hapa Ng'ambo kama wapagazi wa zamani, kila mmoja na mzigo wake kichwani, yote ikikuamkia wewe barazani. Nikaamka, nikakukuta umenuna mbele ya kompyuta. Imekuandikia "Salamu kwanza," wewe umejibu "Marahaba," nayo imegoma kukufungulia oda zako za vitanda.

"Chuo gani hicho kinafundisha mashine kudai shikamoo kwa mzee?" ukauliza, ukaenda zako uani.

Chuo hakina kosa, Baba. Mimi ndiye niliyeiweka salamu iwe ufunguo, nikiwafikiria vijana wa karakana wanaoingia bila hodi. Wewe humu ndani huamkii mtu, unaamkiwa, hilo likanipita.

Nimeibadilisha, sasa itaanza yenyewe kukuamkia. Iwashe kabla hujaenda karakana, na chaja usiichomoe.

Halafu ile shikamoo yangu ya leo hukuiitikia. Nilitoka nayo mpaka mlangoni, nikarudi. Nimeiacha humo kwenye kompyuta, inakusubiri.

Kitindamimba wako,
Najiat