Jina la Baba Ugenini

Tarehe tatu Novemba, mwaka wa thelathini na nne tangu niondoke

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanaendeleaje? Mimi mzima wa mwili, ila kichwa kimevurugika, na wa kumweleza ni wewe tu.

Mwanangu amepata mtoto wa kiume. Nikamwambia mkwe wangu kwamba mjukuu ataitwa jina la baba yetu. Akacheka, akidhani natania. Alipoona mimi sicheki, akageukia dirishani.

Kisa ni kwamba jina la baba, kwa masikio ya huku, ni lile tusi lao la Kiingereza. Yote mawili yana herufi nne na yanaanza na F, shilingi kwa ya pili.

Wanijua na vitabu. Nilikwenda maktaba nikafungua kamusi kubwa. Asili ya neno, wanasema, haijulikani kwa yakini. Huenda limetoka lugha za kaskazini mwa Ulaya, kwa maana ya kupiga. Maana ya sasa ni ya chumbani, sikuandikii. Kilichonichanganya ni matumizi. Fundi bomba alikuja kuziba sinki, akajigonga kidole, akalitaja. Nikamwonyesha picha ya mjukuu, akalitaja tena, safari hii kwa furaha. Nikamuuliza, basi ni tusi au ni sifa? Akasema, "Inategemea, mzee. Ila kumwita mtoto, usithubutu."

Na baba, dada, tusi lake kubwa lilikuwa "ewe kiumbe"!

Jana mwanangu alikuja peke yake. Nikamwambia jina halina kosa, kosa ni la masikio. Akasema, "Baba, nimelibeba hilo jina nyuma ya langu shule nzima. Mwalimu akiliita, darasa zima linakufa kwa kicheko. Nilipokuwa mtu mzima nikaliondoa kwenye vyeti. Sikukwambia, maana wewe ukilitaja unanyoosha mgongo."

Mpaka sasa sijui nani alimkosea nani.

Mtoto amepewa jina la babu yake mwingine, fupi, lisilomchekesha mtu. La baba nakurudishia wewe. Mjukuu wako akijifungua mvulana, mpeni nyinyi, mliite kwa sauti uani.

Nisalimie wanaonikumbuka, na walionisahau pia.

Uliuliza narudi lini. Jina ndilo linalorudi, dada. Mimi sirudi.

Mdogo wako,
Kitindamimba