Posa Kutoka Chumba cha Maziwa

Nyumba ya Juu Kilimani,
Njia ya Kituo cha Maziwa.
Jumapili, 18 Mei.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo kabla ya yote. Goti linaendeleaje? Bado unapanda zile ngazi kwa ubishi, au umekubali kukaa chini na kuwatuma wajukuu? Nakuombea afya njema, na ukijibu tafadhali usinidanganye. Sisi huku hatujambo. Mkwe wako ni mzima, amenenepa, na siku hizi ananukia ng'ombe hata akitoka kuoga. Usimwambie nimesema.

Ningekupigia simu ya picha ukaniona mwenyewe, lakini wewe na ile simu yako ya tochi mmeapa kuzikwa pamoja, basi nimeshika kalamu. Tena nimeishika haraka, kwa sababu nimesikia Baba Mdogo, nduguyo huyo, ameshakupigia na kukusimulia mambo ya posa. Eti nilizima umeme wa kijiji kizima na kumwaga maziwa ya watu. Shangazi, unamjua kwa kutia chumvi. Nilichomoa plagi moja tu. Kaa vizuri nikupe habari yenyewe.

Kwanza ujue tulipo. Mume wangu alipopata kazi ya udaktari wa mifugo huku nje, mimi nilijiona tayari niko kwenye maghorofa ya vioo. Nikashushwa kwenye nyumba ya mawe: mbele ng'ombe, nyuma ng'ombe, ubavuni jirani, naye ana ng'ombe. Duka linafungwa mchana ili muuzaji akale kwa nafasi. Hakuna anayekimbia. Mwanzoni nilidhani wamefiwa, kumbe ndivyo wanavyoishi. Sasa nimezoea, na kusema kweli nimenogewa. Asubuhi nakunywa chai yangu dirishani bila mtu kunigongea mlango. Nimepanda vitunguu nyuma ya nyumba, vimestawi hadi naona haya kuving'oa.

Kilichonitoa jasho ni intaneti. Sisi tulidhani ukishavuka mpaka tu, mtandao unakufuata hadi chooni. Mwenye nyumba alituhakikishia kwamba upo, na hakusema uongo: upo nje, kando ya pipa la takataka, ukisimama umegeukia barabarani. Ndani haupenyi, kuta ni nene kama za gereza. Tukaandikishwa kwenye foleni ya kuvutiwa waya. Majirani wanasema nafasi kwenye foleni hiyo watu huwarithisha watoto.

Utasema, si upige simu ya kawaida? Kwako sawa, kwa Mama sawa. Lakini mdogo wangu je? Unakumbuka alivyotoka hospitalini bado mtoto, amepona homa lakini masikio yameondoka nayo. Tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake mbele za watu. Tulijifunza lugha ya ishara pamoja, yeye kwa lazima, mimi kwa kutotaka kupitwa. Mama anajua ishara za kula, kulala na kugombezwa. Zaidi ya hapo anapaza sauti akidhani itapenya. Ujumbe wa kuandika anatuma, ndiyo, lakini maneno mawili matatu, kavu. Mazungumzo yake yako mikononi, na mikono inataka picha.

Pale kwenye pipa picha ilikuwa inaganda. Siku moja alitokea uso unang'aa, akainua mikono, akaanza kuniambia amempata mtu, na hapo hapo akaganda, mkono hewani. Nilirudi ndani nikalia, Shangazi. Sikulia kwa kutojua ni nani aliyempata. Nililia kwa kuona nimemwacha peke yake kwenye nyumba iliyojaa watu.

Aliyempata ni binti wa muuza vitambaa. Unajua siku hizi mdogo wangu ana karakana yake ya makochi, na kazi yake watu wanaifuata kutoka mbali. Yule binti ndiye anayempelekea vitambaa kutoka dukani kwa baba yake. Mama anasema kuna wiki vitambaa vilipelekwa mara nyingi kuliko makochi yaliyokuwepo.

Aliyeniokoa na pipa ni msimamizi wa kituo cha maziwa, mama mmoja wa miraba minne ambaye sisi nyumbani tunamwita Mama Tangi. Alinikuta nimeinua simu juu ya takataka huku nasonya, akanishika mkono, akanivuta mpaka kazini kwake. Wafugaji wote wa huku wanapeleka maziwa hapo, yanamiminwa kwenye tangi kubwa la kupoozea, na tangi hilo lina intaneti yake, tena ya kasi, kwa sababu kila saa linatoa taarifa mjini kwamba maziwa bado ni baridi. Yaani maziwa yana mtandao, watu hawana!

Basi kijiji kizima kinahamia hapo. Mtu anakuja na debe mkono huu na kompyuta mkono huu. Mmoja anasoma barua zake juu ya ndoo iliyopinduliwa, mwingine anatazama mpira kwa kunong'ona ili asifukuzwe. Chumba chenyewe ni cha baridi kali, mimi huingia na koti la mume wangu na kofia ya sufu. Mdogo wangu aliponiona hivyo mara ya kwanza aliuliza kama wameniweka friji. Nilicheka hadi mwenye mpira akaninyamazisha. Tangu hapo kila Jumapili tulikuwa tunaongea mpaka vidole vyangu vinakufa ganzi.

Sasa posa. Baba wa yule binti alitangaza mapema kwamba hataki mshenga wa kuja kusifia mtu. Anamtaka kijana mwenyewe, amuulize, amjibu. Upande wetu Baba Mdogo alikuwa ameshapiga pasi suti ya kwenda kusema. Mdogo wangu akagoma. Aliniambia kwamba Baba Mdogo akisimama ataeleza habari za Baba Mdogo. Alitaka niwe mimi: yeye aseme kwa mikono mbele ya wakwe, mimi nimwone kwenye kompyuta, nimpe sauti. Nikakubali kabla hajamaliza. Halafu usingizi ukanikimbia, maana nilijua picha ikiganda siku hiyo, posa nayo imeganda. Yule mzee alikuwa na wasiwasi tayari. Hakuhitaji sababu ya pili ya kukataa.

Siku yenyewe niliwahi. Ukumbi wa mbele ulikuwa na makelele ya madebe, nikaomba kujificha chumba cha nyuma, nyuma ya tangi. Kompyuta yangu unaikumbuka, betri yake ilikufa zamani, haiwaki bila waya. Huko nyuma kulikuwa na soketi moja tu, na ndani yake plagi nyeupe. Mimi nikadhani ni ya taa. Nikaichomoa, nikachomeka yangu, nikavua kofia ili nionekane mtu wa heshima.

Picha ikaja safi. Nikawaona wote sebuleni kwa muuza vitambaa: Mama na kitambaa chake cha sherehe, Baba Mdogo na suti, wazazi wa binti, na mdogo wangu katikati, amenyoa, mikono ameilaza magotini kama vyombo visivyo vyake. Salamu zikaenda vizuri. Kisha yule mzee akamgeukia, siyo mimi, yeye, akamtazama moja kwa moja. Hilo tu lilinifanya nimpende.

"Kijana," akasema, "binti yangu akikuita anaumwa, wewe utamsikiaje?"

Nikamtafsiria kwa ishara. Na kabla hajainua mkono kujibu, tangi likapiga kelele, Shangazi, king'ora cha kutisha wafu. Mama Tangi akaingia mbio, akaona plagi yake imelala sakafuni, akaona yangu ukutani. Ndipo nilipoelewa nimezima nini. Maziwa ya kijiji kizima yalikuwa yanapata joto mgongoni mwangu, na mimi nikichomoa, mdogo wangu anatoweka na swali la mkwe mkononi.

Lugha yao bado naichechemea. Nikamwambia nilichoweza: "Mdogo wangu. Anaoa. Hasikii. Mimi ndiye sauti."

Akainama akatazama kioo. Akawaona watu wamekaa wananisubiri, na kijana ameinua mikono anasubiri pia. Akanyoosha mkono juu, nikadhani ananinyang'anya umeme, kumbe anazima king'ora.

"Malizeni," akasema. "Maziwa tutayala."

Akatoka, nikamsikia anawaita watu waje na madebe. Mdogo wangu akajibu, na mimi nikasema kila neno kama alivyolisema. Kwamba usiku mkewe atamgusa tu naye ataamka, usingizi wake ni mwepesi kuliko wa watu wenye masikio. Ila mchana, kila akitaka kuambiwa jambo na mkewe itabidi aweke nyundo chini amtazame usoni. Hawezi kumsikiliza huku amempa mgongo. Hawezi kuitikia ndiyo, ndiyo, huku anasoma gazeti. "Kila neno lake nitalikatishia kazi," akasema.

Mama wa binti akajipiga paja. "Mume wangu, umeisikia hiyo? Mwanangu, hebu rudia ile ya gazeti!"

Nikairudia. Mzee akakunja midomo asicheke, akashindwa, akacheka. Kisha akamwita binti atoke ndani, akamwambia na yeye aseme, tena watu wote wasikie.

Binti akaja akakaa. Mdomo hakufungua. Akainua mikono.

Sikuwa na habari, wala Mama, wala wazazi wake mwenyewe. Kumbe kule kupeleka vitambaa alikuwa anafundishwa. Ishara zake zilikuwa nzito, vidole vinakosea na kurudi nyuma, lakini zilikuwa wazi. Alisema huyu ndiye nyumbani kwake. Na hiyo "nyumbani", Shangazi, hakuitumia ile ya vitabuni, ya paa la nyumba. Alitumia yetu. Utotoni, tukitoka shule, tulikuwa tunagonga mlango mara mbili na Baba anafungua. Kwa hiyo mimi na mdogo wangu tukitaka kusema nyumbani tunagonga kifua mara mbili, kisha tunafungua kiganja. Hakuna anayeijua duniani ila sisi wawili. Kaka yako, miaka yote hii kaburini, bado anatufungulia mlango ndani ya kiganja hicho, na sasa yule binti alikuwa amekifungua mbele yangu.

Wote wakaigeukia kompyuta kungoja tafsiri. Mama wa binti akawa anauliza, "Amesema nini? Dada, amesema nini?" Mimi machozi tu. Mwisho nikasema, "Amekubali." Ni tafsiri fupi na mbovu kuliko zote nilizowahi kufanya.

Vigelegele vikalipuka huko, na huku nyuma ya tangi vikaitikiwa na watu wenye madebe, ambao hawakuelewa neno ila waliuelewa uso wangu. Baba Mdogo naye akasimama akatoa hotuba yake. Suti ilikuwa imeshapigwa pasi.

Maziwa hayakumwagika hata tone, mwambie nduguyo. Yaligawanywa nyumba kwa nyumba, na siku zilizofuata kila jiko lilikuwa linatengeneza siagi na jibini. Adhabu yangu ilikuwa kukoroga siagi kwa Mama Tangi. Jumapili iliyofuata mikono ilikuwa inauma hadi nikimwambia mdogo wangu jambo naligawa vipande. Akasema nimepata kigugumizi cha mikono. Soketi ile sasa imepakwa rangi nyekundu, na juu yake wamenichora mimi na kofia.

Kuna jambo moja zaidi, nalo nakwambia wewe tu. Jumapili iliyopita nilienda kituoni na koti langu, nikawasha, nikangoja. Hakutokea. Baadaye ukaja ujumbe wake mkavu: wametoka kutembea, tutaongea siku nyingine. Nilikaa pale kwenye baridi nikajisikia mpweke, nisikufiche. Kisha furaha ikanijia polepole mpaka ikanijaa. Miaka yote nilikuwa naomba asinyamaziwe, na leo ana mtu wa kuongea naye hadi ananisahau.

Arusi ni baada ya mvua. Mume wangu ameshaomba likizo, nakuja, na wewe goti au si goti tutakuja kukuchukua. Juzi Mama aliniuliza kama nitasimama kuwa mkalimani. Nimemwambia hapana, bibi arusi ataifanya kazi hiyo mwenyewe. Safari hii nitakaa kiti cha mbele pamoja nawe, mikono yangu nimeilaza mapajani, nitazame tu.

Nisalimie wajukuu wote, hasa yule mwenye pengo. Msalimie binamu na mkewe, na jirani yako mshona viatu. Mkwe wako anakushika miguu. Mungu akulinde, akulainishie goti, na atukutanishe sote tukiwa wazima wa kucheka.

Ni mimi nikupendaye siku zote,
mtoto wa kaka yako.