Nilisema Chupa Imeiva

Mshauri wetu wa kila Jumamosi,

Kabla hujaanza kunionea huruma, ujue unasoma barua ya kijana mwenye uso mzuri kuliko nyuso zote zilizowahi kupita mbele ya kioo, na si mimi ninayesema, kioo chenyewe ndicho kinachosema, nami nashinda nacho kutwa nzima kwa sababu ni kinyozi, na wapo wateja walionyolewa juzi tu wanaorudi leo kudai ati nywele zimeota, kumbe wanataka kunitazama kwa karibu na kuniuliza napaka nini. Shule niliishia darasa la saba, lakini kwa mambo ya ngozi niite profesa. Hata wewe mshauri, ile picha yako ya gazetini, ungekaa kwenye kiti changu dakika kumi tu ningekutoa mwingine kabisa.

Basi ninachopaka ni yale maji ya vitamini C, ya kichupa kidogo cha kudondoshea, niliyonunua duka la dawa lililo mlango wa nne kutoka saluni kwetu, kwa muuza dawa mmoja mpole mwenye miwani, nami nikakiweka kichupa kwenye rafu chini ya kioo, pale taa zinapowaka mchana kutwa na jua la asubuhi linapoingia moja kwa moja, ili kila mteja akione na ajue yuko kwa mtu wa maana. Mwezi wa kwanza maji yalikuwa meupe, mwezi wa pili yakawa ya manjano, wa tatu yakawa kama chai isiyo na maziwa. Mwenzangu wa kiti cha pili akaniuliza, "Bwana wee, hii haijaharibika?"

Nikamcheka mpaka wembe ukaniponyoka. "Imeiva hiyo! Imekolea! Ulitaka ibaki mbichi milele?"

Sasa ninaye dada yangu mkubwa, mwalimu wa darasa la tatu, ndiye aliyenilea, ndiye aliyenifunga kamba za viatu mpaka nikaota ndevu, na Jumatatu moja asubuhi akapita saluni akielekea kazini, akaketi akasema, "Mdogo wangu, leo nataka uso kama wako." Mshauri, mtu akiniambia maneno hayo mimi namnyolea hata paka wake. Nikampitisha wembe uso mzima, vinyweleo vyote vya mashavuni chali, na palepale ngozi ikiwa bado ya moto nikamdondoshea vitamini C, si tone moja, nilimwogesha.

"Inawasha," akasema.

"Ndiyo kazi yake."

"Inawasha kweli, we mtoto!"

"Tulia dada. Hata spiriti inawasha, mbona wateja wangu hawalii?"

Maana sisi vinyozi tumezoea hivyo, kitu kikiuma baada ya wembe tunajua kimeingia, kisipouma tunadhani tumeuziwa maji ya bomba, kwa hiyo nilipomwona anakunja uso nikafurahi nikamwongezea mengine. Akaenda shuleni kwa miguu, jua kali usoni, hakupaka hata mafuta ya kulikinga.

Ilipofika mapumziko ya saa nne mashavu yalikuwa mekundu yamevimba, mtoto mmoja akamuuliza, "Mwalimu, umepikwa?" na mwingine wa dawati la nyuma akampa jina la Mwalimu Nyanya, darasa zima likalipokea. Alirudi nyumbani amejifunika mtandio mpaka machoni. Siku nne hakwenda kazini, ngozi inabanduka vipandevipande, amekaa kitandani anasema atabaki hivyo maisha yake yote, na mimi nikashindwa kula, mimi ambaye nyumbani huwa nafichwa sufuria.

Lakini hospitali wakampa krimu ya kutuliza, wakamwambia akae mbali na jua, na jana, wiki ya tatu hii, ameamka uso wake umerudi! Umerudi, mshauri! Kimebaki kidoa kimoja tu karibu na sikio, na hao watoto wake wamelisahau lile jina, sasa wanamcheka mwalimu wa hesabu kwa viatu vyake. Nilicheka peke yangu saluni mpaka mteja akauliza kama wembe uko salama mkononi mwangu. Nimepumua jamani, mzigo umeshuka.

Kilichobaki ni yule muuza dawa. Siku ya pili ya uvimbe dada alitoka kitandani na mtandio wake usoni, akanishika mkono kama nina miaka sita, tukaingia dukani, akapaza sauti mbele ya wateja, "Unamuuziaje mtu dawa bila kumweleza matumizi?" Yule akajibu taratibu, "Nilimweleza, mwalimu." Mwenye duka akatoka chumba cha nyuma, akaniuliza mimi, nikajibu. Tangu siku hiyo muuza dawa hagusi kaunta, yuko nyuma anapanga makatoni, na mwenye duka ametangaza kwamba mwisho wa mwezi anamwachisha kazi. Zimebaki siku nane. Nikipita pale natembea upande wa pili wa barabara, mimi, ambaye barabara yote ilikuwa yangu. Je, nifanye nini, na je, vitamini C naweza kuirudia?

Nimekueleza yote ila jibu langu. Alinieleza, mshauri. Alisema niiweke gizani, nisiipake mara baada ya wembe, ikigeuka rangi niitupe, na akarudia mara mbili kwa kuwa aliona sisikilizi. Mwenye duka aliponiuliza, "Alikwambia?" nilimtazama machoni nikasema hapana.

Kinyozi wa Mlango wa Bluu

MSHAURI ANAJIBU

Kijana, picha yangu iache kama ilivyo.

Nimefurahi kwamba dada yako amepona, na pole kwa zile siku nne, maana naona ulizilipia kwa tumbo. Sasa sikiliza safari hii. Dawa haiivi, si ndizi. Vitamini C ikipigwa na mwanga, joto na hewa huharibika, na ile rangi ya chai ndiyo ilikuwa inakupigia kelele. Tupa kichupa hicho leo. Wembe nao huondoa ngozi ya juu, kwa hiyo mtu aliyenyolewa mpe siku mbili tatu kabla ya kumgusa na kitu kama hicho, na akikwambia kinamwasha sana, osha uso wake kwa maji, usimhubirie habari za spiriti. Ukitaka kuirudia, irudie: nunua mpya, jaribu kwanza kidogo ndani ya mkono, kisha matone machache asubuhi, siku moja ndiyo siku moja hapana, na juu yake mafuta ya kukinga jua. Kidoa cha dada kitafifia akijikinga na jua. Kikigoma miezi miwili mitatu, arudi hospitali.

Hayo yalikuwa mepesi. Umeandika kurasa mbili kuhusu uso, ukaficha neno moja mkiani, na neno hilo ndilo linalomtoa mtu kazini. Nakukasirikia, na wakati huohuo nashusha pumzi, kwa sababu siku nane bado ni zako na hakuna kilichoharibika hapa ambacho hukiwezi.

Mwambie dada yako leo. Alipaza sauti kwa uongo wako, ana haki ya kuujua kabla ya mtu mwingine. Atakukaripia, mwache amalize. Kesho nendeni wote wawili, saa ambayo duka lina watu, usivizie mwenye duka akiwa peke yake. Simama kaunta useme: "Uliniuliza kama alinieleza, nikasema hapana. Alinieleza, mara mbili." Usitie utani. Usipeleke zawadi. Mwombe muuza dawa radhi, na asipokujibu, nyamaza naye.

Halafu usiondoke. Kaa hapohapo mpaka umwone ametoka kwenye makatoni na kurudi kaunta.